Mpira wa Mkojo katika Upasuaji wa Wanawake: Sababu ya Kuuweka na Saa ya Kuutoa

Miongoni mwa vifaa vinavyotumika katika upasuaji wa viungo vya uzazi vya mwanamke, mpira wa mkojo ni kimojawapo kinachozungumzwa kidogo sana, ingawa mara nyingi huingizwa mwilini kabla kisu hakijashikwa na huendelea kukaa humo baada ya mgonjwa kuzinduka, kutambua waliomzunguka na kuuliza habari za mtoto wake. Mpira huo, ambao wataalamu huuita katheta, ni mrija laini wa lateksi au silikoni unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu, ili mkojo utoke wenyewe na kukusanyika katika mfuko unaoning'inizwa kando ya kitanda. Aina iliyoenea zaidi wodini ni ya Foley, iliyopewa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani wa magonjwa ya mfumo wa mkojo aliyeijulisha kwa wenzake katika miaka ya 1930. Karibu na ncha yake kuna kiputo kidogo kinachojazwa maji yasiyo na vijidudu, aghalabu mililita 5 hadi 10, ili mpira usichomoke. Unene wake hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa na Charrière, fundi wa vifaa vya tiba wa Paris katika karne ya 19, ambacho kila namba moja ni theluthi ya milimita, na kwa hiyo mpira wa namba 16, unaowekewa wanawake wengi wazima, una kipenyo cha zaidi kidogo ya milimita 5.

Mjadala kuhusu kifaa hiki umefufuliwa na mabadiliko yanayoonekana katika wodi za wazazi na za magonjwa ya wanawake. Mpira ambao zamani ulikaa hadi siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji, sasa katika hospitali kadhaa hutolewa siku ile ile au asubuhi inayofuata, na familia nyingi, hasa akina mama wakubwa waliozoea utaratibu wa zamani, huona kwamba mgonjwa wao anaharakishwa, anainuliwa kwenda msalani ilhali kidonda bado kibichi, na kwamba wauguzi wanakwepa kazi ya kumwaga mfuko. Malalamiko ya namna hiyo, aliyoyasikia hivi karibuni kwa ndugu zake mwenyewe baada ya binti wa ukoo wao kujifungua kwa upasuaji, ndiyo yaliyomrudisha mwandishi wa makala haya katika miaka aliyokuwa muuguzi mkunga katika hospitali za Tanzania. Matukio machache ya miaka hiyo yanasimuliwa hapa kwa ufupi, bila kutaja majina ya wagonjwa wala hospitali, kwa kuwa kila moja lilifundisha jambo linaloweza kuwasaidia wanawake wanaosubiri upasuaji na jamaa watakaokaa kando ya vitanda vyao.

Katika chuo alichosomea, somo la kuweka mpira lilianza na swali. Mkufunzi, mama mtu mzima aliyekuwa mkunga tangu ujana wake, hakumruhusu mwanafunzi yeyote kufungua pakiti kabla hajataja kwa sauti sababu ya mgonjwa aliye mbele yake kuwekewa mpira, na aliyejibu kwamba daktari ameagiza aliambiwa arudi kusoma jalada, kwani kwa mkufunzi huyo agizo lilikuwa ni matokeo ya sababu, na sababu yenyewe ilipaswa kujulikana na kila mkono unaomgusa mgonjwa. Sababu alizozikubali zilikuwa chache: kukiacha kibofu kitupu wakati wa upasuaji, kupima mkojo wa mgonjwa mahututi saa kwa saa, kumfungulia ambaye mkojo wake umeziba, na kukipumzisha kibofu kilichojeruhiwa au kushonwa. Kurahisisha kazi ya wodi, au kumwepusha mgonjwa anayeweza kutembea na safari ya kwenda msalani, hakukuwamo katika orodha yake.

Baada ya swali ndipo yalipofuata mafunzo ya mikono, ambayo kwa mwanamke yana ugumu wake. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, nayo hufunguka juu kidogo ya uke na si mbali na njia ya haja kubwa, kwa hiyo vijidudu vya utumbo havina safari ndefu hadi kwenye kibofu. Ndiyo maana mikono huoshwa na kuvikwa glavu zisizo na vijidudu, mgonjwa husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, na mpira huo haugusi kitu chochote kabla ya kuingia. Ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, muuguzi mwenye busara huuacha hapo kwanza kama alama ya njia isiyo sahihi, kisha huchukua mwingine mpya na kuelekeza juu zaidi. Mkojo unapoanza kutiririka, mpira husogezwa ndani sentimita chache zaidi kabla ya kiputo kujazwa, kwa sababu kiputo kikijazwa ndani ya njia badala ya ndani ya kibofu huumiza na kuchana.

Mgonjwa wa kwanza wa mafunzo hayo alikuwa bibi mwenye umri mkubwa aliyekuwa akiandaliwa kwa upasuaji wa kizazi kilichoshuka. Wanafunzi walipokizunguka kitanda chake, bibi huyo alijifunika khanga hadi shingoni na kumtazama aliyeshika sinia ya vifaa, ambaye alikuwa mwandishi mwenyewe, akamwambia, "Mwanangu, huyo mwalimu wako nimemsikia. Sasa nieleze wewe utakachonifanyia." Mkufunzi aliagiza pazia livutwe na wengine watoke, maelezo yakatolewa polepole kwa maneno ya nyumbani, na ni baada ya bibi kuitikia kwa kichwa ndipo kazi ilipoanza. Fundisho la siku hiyo ni kwamba ridhaa ya kufanyiwa upasuaji, iliyotiwa saini au dole gumba mezani kwa daktari, haiondoi haja ya ridhaa nyingine ndogo zinazofuata kitandani, na mwanamke anayefunuliwa bila kuambiwa kitu huanza safari ya matibabu akiwa amekwisha kuvunjiwa heshima.

Katika chumba cha upasuaji ndimo sababu ya kwanza ya mkufunzi ilipoonekana kwa macho. Kibofu kimelala mbele ya mfuko wa uzazi na kimeshikamana na sehemu yake ya chini, ile ile inayokatwa wakati wa kumtoa mtoto, kwa hiyo kibofu kilichojaa huja mbele ya kisu, huziba nafasi ya kufanyia kazi na huweza kukatwa kabla daktari hajatambua. Kwa mwanamke aliyewahi kufanyiwa upasuaji, kovu la zamani huweza kukinasa kibofu juu zaidi ya mahali pake, na hapo umuhimu wa kukiacha kitupu huongezeka. Katika upasuaji wa kutoa kizazi kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi, kwa kuwa mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, yaani ureta, hupita chini ya mshipa mkubwa wa damu wa kizazi, sentimita mbili hivi tu kutoka kwenye shingo ya kizazi, mahali ambapo daktari hana budi kufunga na kukata.

Kuna upasuaji mmoja wa kujifungua ambao mwandishi aliuhudumia akiwa muuguzi mchanga katika hospitali ya mkoa iliyo pwani. Mama alikuwa ameletwa kutoka mbali baada ya uchungu wa muda mrefu, na mpira ulipowekwa mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu. Daktari hakusubiri maelezo mengine, kwani mkojo wenye damu kwa mwanamke ambaye mtoto amekwama ni ishara kwamba kichwa cha mtoto kimekigandamiza kibofu kwenye mifupa ya nyonga, au kwamba kizazi kimeanza kupasuka. Mtoto alipotolewa, kibofu kilikaguliwa kwa kukijaza kupitia mpira maji yaliyotiwa dawa ya rangi ya buluu, ili tundu lolote lijioneshe kwa kuvuja, na ilipothibitika kwamba hakuna tundu, daktari aliagiza mpira ubaki hadi mkojo utakate kabisa. Kwa saa zilizofuata, mfuko ule ulikuwa shahidi wa hali ya mwili mzima, kwa maana mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa kwa mtu mzima huashiria kwamba huenda damu imepungua mno au figo haziipati ya kutosha, na ishara hiyo huweza kutangulia kuporomoka kwa shinikizo la damu.

Hata hivyo, shahidi huyo ana mipaka yake, na daktari mmoja bingwa aliwaeleza wauguzi jambo hilo kwa uzito. Ikiwa ureta moja imefungwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoa kizazi, figo ya upande wa pili itaendelea kuleta mkojo, mfuko utajaa kama kawaida, na wodi itaamini kwamba mambo ni salama, ilhali figo moja inavimba. Kwa sababu hiyo maumivu ya kiunoni au mbavuni, homa isiyoelezeka au majimaji yanayovuja ukeni siku chache baada ya upasuaji havipaswi kupuuzwa kwa hoja kwamba mkojo unatoka. Aliloondoka nalo mwandishi katika chumba cha upasuaji ni kwamba kifaa husema kile tu kinachoweza kusema, na kwamba mengine yote hujulikana kwa kumsikiliza mgonjwa.

Fundisho hilo lilipata ushahidi wake usiku mmoja katika wodi ya wanawake. Mama aliyekuwa ametolewa uvimbe wa kizazi mchana wa siku hiyo alilalamika kwamba tumbo la chini linamuuma kuliko kidonda, na mfuko wake ulikuwa na mkojo kidogo ambao haukuongezeka. Palikuwa na mazungumzo ya kumwongezea maji ya mshipa na kumpa dawa ya kuongeza mkojo, hadi muuguzi mkuu wa zamu alipofika, akafunua shuka na kuufuata mpira kwa mkono kutoka mwilini hadi mfukoni. Alikuta umekunjwa chini ya paja la mgonjwa. Ulipolegezwa, mkojo ulishuka kwa wingi na mama yule akalala usingizi. Tangu usiku huo mwandishi alichukulia kuwa kanuni kwamba kabla ya kuamini kuwa figo zimegoma, ni lazima njia nzima ya mkojo ifuatwe kwa jicho na kwa mkono: mpira haujakunjwa, haujakaliwa, haujazibwa na bonge la damu, umefungwa kwenye paja ili usivutwe, na mfuko uko chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu.

Hili la mwisho linawahusu jamaa moja kwa moja, kwa sababu katika wodi zetu ndugu ndio wanaomwinua mgonjwa, kumwosha na kumshika mkono anapotembea. Ilikuwa kawaida kumwona dada au wifi akimsindikiza mgonjwa huku ameuinua mfuko hadi begani kwa nia njema ya kuuepusha na uchafu, bila kujua kwamba mkojo uliokwisha kukaa mfukoni hurudi kibofuni pamoja na vijidudu vyake. Wengine waliuchomoa mpira kutoka kwenye mfuko ili waumwage kwa urahisi, ilhali mfuko una koki yake ya chini, na usalama wa mpangilio huu unategemea kutotenganishwa kwa viungo vyake tangu kibofuni hadi mfukoni. Walipoelekezwa, jamaa hao walikuwa walinzi wazuri kuliko mtu yeyote, kwani muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wodi iliyojaa hawezi kukiona kila kitanda, lakini wifi aliyelala chini ya kitanda kimoja hukiona hicho usiku kucha.

Baadaye mwandishi alihamia hospitali nyingine iliyokuwa na wodi kubwa zaidi, na huko alikuta desturi ambayo hakuna aliyeiweka kwa makusudi. Mpira ulitolewa kwa agizo la daktari tu, na kwa kuwa mzunguko wa madaktari wa mwisho wa wiki ulikuwa mfupi na uliwahusu wagonjwa mahututi, wanawake waliofanyiwa upasuaji siku ya Ijumaa walibaki na mpira hadi Jumatatu, wengi wao wakiwa wanatembea, wanakula na wananyonyesha. Mmoja wao, mama wa watoto kadhaa aliyejifungua salama kwa upasuaji, alianza kutetemeka kwa homa alipokuwa akijiandaa kurudi nyumbani. Kidonda chake kilikuwa safi na matiti hayakuwa na tatizo, lakini mkojo wake ulikuwa mzito wenye harufu, na vipimo vikaonesha maambukizi yasiyosikia dawa ya kwanza aliyopewa. Alikaa hospitalini muda mrefu zaidi ya ule ambao upasuaji wenyewe ungehitaji, mume wake akiuza mali ya nyumbani ili kununua sindano za dawa ya bei ya juu.

Sababu ya kutokea hayo inafahamika vyema. Mpira ni mlango ulioachwa wazi kati ya nje na kibofu. Vijidudu, hasa vile vya utumbo viitwavyo E. koli, hupanda kwa nje ya mrija au kwa ndani yake, hujishikiza kwenye ukuta wake na kujitengenezea utando laini unaovikinga dhidi ya dawa na dhidi ya kinga ya mwili. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kwa kila siku unayokaa mpira, uwezekano wa vijidudu kuingia katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Si kila mwenye vijidudu katika mkojo ni mgonjwa, na kumpa dawa mtu asiye na dalili ni njia mojawapo ya kuvizoesha vijidudu dawa hizo, jambo linaloitwa usugu wa dawa. Lakini kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo idadi ya wanaougua kweli inavyoongezeka. Kinga iliyo bora, na isiyogharimu chochote, ni kuutoa mpira mara tu sababu yake inapokwisha.

Miongozo ya kimataifa imelisema hilo kwa uwazi. Mwongozo wa mwaka 2009 wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani unaelekeza kwamba mpira uliowekwa kwa ajili ya upasuaji utolewe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24, isipokuwa kuna sababu ya kuendelea nao. Jumuiya ya kimataifa ya ERAS, inayoandaa miongozo ya kumsaidia mgonjwa apone upesi baada ya upasuaji, ilipendekeza mwaka 2019 kwamba baada ya kujifungua kwa upasuaji mpira utolewe mara moja kwa mwanamke asiyehitaji kupimwa mkojo kwa karibu. Kuharakisha huko kuna gharama yake, kwa kuwa baadhi ya wanawake wanaotolewa mpira mapema sana, hasa baada ya kutolewa kizazi, hushindwa kukojoa na hulazimika kuwekewa tena. Lakini gharama hiyo hupunguzwa kwa kumfuatilia mgonjwa saa zile za kwanza, na haiwi hoja ya kuwaacha wote na mpira kwa sababu ya wachache watakaouhitaji. Katika hospitali ile, mabadiliko yalikuja pale muuguzi msimamizi alipokubaliana na madaktari kwamba saa ya kutoa mpira iandikwe katika karatasi ya upasuaji yenyewe, na kwamba saa hiyo ikifika muuguzi wa zamu autoe bila kungoja mzunguko wa madaktari.

Mtu angeweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba mpira ni adui wa kuondolewa haraka kila mara, lakini kipindi kilichofuata katika kazi ya mwandishi kilimfundisha kinyume chake. Alipelekwa kuhudumu katika wodi ya wanawake wenye fistula ya uzazi, yaani tundu linalojitokeza kati ya kibofu na uke baada ya uchungu wa muda mrefu usiopata msaada, ambapo kichwa cha mtoto hugandamiza nyama laini kwenye mifupa ya nyonga hadi zikose damu na kufa, na siku chache baadaye mkojo huanza kuvuja bila kuzuilika. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamempoteza mtoto katika uchungu ule ule, baadhi walikuwa wameachwa na waume zao, na walikuja wodini wakiwa wamezoea kukaa mbali na watu kwa sababu ya harufu.

Historia ya tiba ya fistula haiwezi kusimuliwa bila kuwataja waliolipa gharama yake. Kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwafanyia majaribio ya upasuaji wanawake Weusi waliokuwa watumwa, ambao kati yao yanajulikana majina ya Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi na bila uhuru wa kukataa. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi kabla tundu lake halijaziba. Katika majaribio hayo ndipo Sims alipotumia nyuzi za fedha na pia katheta maalumu ya metali iliyoweza kukaa yenyewe, kwa kuwa alitambua kwamba mshono wa kibofu hauponi iwapo kibofu kinaruhusiwa kujaa. Barani Afrika tiba hiyo ilipata sura ya utu kwa kazi ya Catherine na Reginald Hamlin, waliofika Ethiopia mwaka 1959 na kufungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa mwaka 1974, na leo inatolewa katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwamo CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka imetengwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kutokomeza fistula ya uzazi.

Katika wodi ya fistula, wauguzi walifundishwa kwamba mgonjwa anywe maji kwa wingi, mkojo utiririke muda wote, na kitanda kiwe kikavu. Mpira ukiziba, kibofu hujaa, mshono huvutika, na matumaini ya miaka huweza kuharibika katika saa chache, kwa hiyo mpira usiotiririka ulihesabiwa kuwa dharura kama kutokwa na damu. Usiku mmoja sauti ilisikika kutoka mwisho wa wodi: "Sista, njoo! Wa dirishani hautiririki!" Aliyeita hakuwa mwenye mpira huo, bali jirani yake wa kitanda cha pili. Bonge dogo la damu lilikuwa limeziba njia, likaondolewa taratibu kwa maji kidogo ya chumvi, na mkojo ukaanza tena kudondoka. Wanawake wa wodi ile walijiwekea wenyewe utaratibu wa kuangaliana mifuko, na walijua kwa nini wanafanya hivyo kuliko wagonjwa wengi wa wodi za kawaida, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameelezwa tangu mwanzo kazi ya mpira wake na siku utakapotolewa.

Siku hiyo ya kutolewa zamani ilikuwa mbali, kwani madaktari wengi waliuacha mpira kwa wiki mbili au zaidi baada ya kuziba fistula. Utafiti uliofanyika katika nchi nane za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, ulilinganisha siku 7 na siku 14 kwa wanawake wenye fistula zisizo tata, na ukaonesha kwamba siku 7 hazikuongeza kuachia kwa mshono. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku 7 hadi 10 kwa fistula za aina hiyo. Kwa upande mwingine, mwanamke ambaye tundu lake ni dogo na jipya huweza kupona bila upasuaji wowote, kwa kuwekewa mpira mapema na kuachiwa kwa wiki kadhaa ili kibofu kipumzike. Kwa hiyo mpira ambao kwa aliyejifungua kwa upasuaji wa kawaida ni mzigo baada ya saa chache, kwa mwenzake wa wodi ya fistula ndio tiba yenyewe, na kinachowatofautisha si kifaa bali ni sababu ya kukitumia.

Fundisho la mwisho lilimfikia mwandishi akiwa upande wa pili wa kitanda, alipotolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ujulikanao kama fibroidi. Mambo aliyokuwa ameyasoma na kuyafundisha yalipata uzito mwingine mwilini mwake. Mpira humfanya mgonjwa ahisi amebanwa na mkojo wakati wote, ingawa kibofu ni kitupu, kwa sababu kiputo hugusa sehemu ile ile inayotoa taarifa ya kujaa. Asiyeelezwa hilo hudhani kuna kitu kimeharibika, na wengine hujaribu kujikamua. Wakwe na majirani wanapofika kumjulia hali, mfuko huwa wazi mbele yao kando ya kitanda, na kipande cha khanga kilichotundikwa juu yake na muuguzi mmoja kijana kilikuwa msaada mkubwa kuliko alivyodhani aliyekitundika. Mpira ulipotolewa, mkojo wa kwanza uliwasha, na hilo ni la kawaida kwa siku moja au mbili. Muhimu ni kukojoa ndani ya saa 6 hivi na kuhisi kwamba kibofu kimekuwa kitupu, kwa kuwa dawa za maumivu na ganzi ya mgongo huweza kukizubaisha kibofu hadi kikajaa kupita kiasi bila mwenyewe kuhisi. Katika wodi yenye msala ulio mbali na mlango usiofungika, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji anaweza kushindwa kukojoa kwa haya tu, na beseni safi nyuma ya pazia lililovutwa huweza kumwepusha na kuwekewa mpira mara ya pili.

Kutokana na kumbukumbu hizi, jibu kwa akina mama wakubwa wanaolalamika kwamba mpira unatolewa mapema mno si kuwarudishia desturi ya zamani, wala si kuwanyamazisha kwa jina la utaalamu. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu wao ndio watakaomwinua mgonjwa huyo usiku, na mara nyingi kinachowaudhi ni kutoelezwa kuliko uamuzi wenyewe. Kila mwanamke anayekwenda kufanyiwa upasuaji anapaswa kuambiwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji kwa nini atawekewa mpira, utatolewa lini iwapo hakuna tatizo, ni nani mwenye wajibu wa kuutoa, na ni dalili zipi baada ya hapo zimrudishe hospitalini bila kusita: homa, maumivu ya kiuno, kushindwa kukojoa au mkojo unaovuja bila kuzuilika. Kliniki za wajawazito, ambako wanawake hukaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu, ni mahali pafaapo kuyasema hayo mbele ya wakwe na akina dada waliowasindikiza.

Hayo yote hayahitaji mashine mpya wala jengo jipya. Yanahitaji sababu na saa ya kutoa viandikwe katika karatasi ya upasuaji, wauguzi wapewe mamlaka ya kutekeleza kilichoandikwa hata siku ya Jumapili, na zamu zipangwe kwa namna inayomwachia muuguzi dakika chache za kuzungumza na mgonjwa wake. Hospitali inayoshindwa kuwapa wagonjwa wake hayo itaendelea kununua dawa za kutibu maambukizi ambayo ingeweza kuyazuia, na familia maskini zitaendelea kuuza mali kulipia siku za kulazwa ambazo hazikuwa za lazima.